LANGO LINALOKATAA KUFUNGUKA: CHUNGUZA KWANZA, KATA BAADAYE



Katika vijiji vingi tunavyotembelea kuna jambo dogo ambalo watu wamelizoea hata hawalioni tena. Ni lile lango la nyuma ya nyumba, la kuingilia shamba la mboga, boma la ng'ombe au kitalu cha miche, ambalo halifunguki vizuri. Mwenyewe hulishika kwa mikono miwili, hulinyanyua, hulisukuma kwa goti, na akishapita hulifunga kwa kamba au kipande cha waya. Ukimwuliza, atakujibu, "Aa, hilo ni la kuinua kidogo tu!"

Hebu tuhesabu huko "kuinua kidogo" kunatugharimu nini. Mama anatoka mtoni na mtungi wa lita 20 mgongoni. Maji hayo peke yake ni kilo 20. Inambidi atue mzigo, ainue lango, apite, kisha arudi kufunga. Atafanya hivyo leo na kesho. Kesho kutwa ataliacha wazi, nasi hatuwezi kumlaumu. Watoto nao hawana nguvu za kuliinua, kwa hivyo wanajitafutia njia yao kwenye ua. Na anapopenya mtoto, mbuzi naye atapenya. Mbuzi wawili wakiingia kitaluni jioni moja, kazi ya kikundi ya miezi mitatu imekwisha. Wakivuka kwa jirani na kula mahindi yake, hapo kuna kesi kwa mzee wa kijiji. Tena kuna jambo zito zaidi: nyumba ikishika moto usiku, au mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, lango lililofungwa kwa waya ni hatari kwa wenye nyumba wenyewe.

Kwa hivyo kutengeneza lango si urembo. Ni kulinda chakula, mifugo, ujirani na maisha ya watu.

UGONJWA HAUKO PALE LINAPOKWARUZA

Jambo kubwa tunalotaka kusema ni hili: lango likikwama, mara nyingi ugonjwa uko mbali na pale linapokwaruza. Watu wengi wakiona lango linaburuta chini, huchukua msumeno au panga wakakata mbao kwa chini. Lango linafunguka, watu wanafurahi. Baada ya mvua chache linashuka tena na kukwaruza tena. Wanakata tena. Mwishowe kuna mwanya ambao kuku na watoto wa mbuzi wanapita bila shida, na lango bado linakwama. Mbao zimeharibika na ugonjwa haujatibiwa.

Fundi mzuri hufanya kama daktari. Hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Kupima lango ni kazi ya dakika kumi, na haihitaji vifaa vya kununua. Mnahitaji watu wawili, kamba, jiwe dogo na kisu.

KUMPIMA MGONJWA

1. Angalieni linapokwaruza. Fungueni na kufunga polepole, mkitia alama ya mkaa pale linapogusa. Likigusa chini upande wa komeo peke yake, basi lango limelala. Likigusa chini kote, huenda udongo umepanda. Likigusa nguzo ya komeo kutoka juu hadi chini, mbao zimefura kwa maji au nguzo zimesogeleana. Na ikiwa komeo halifiki kwenye tundu lake, nguzo zimeachana.

2. Inueni mkia wa lango. Lango likiwa wazi kidogo, mtu mmoja ashike upande wa komeo na kuinua taratibu, akiachia na kuinua tena. Mwenzake asimame kwenye bawaba akitazama ni nini kinachocheza. Bawaba ikicheza juu ya nguzo, misumari au skrubu zimelegea. Nguzo nzima ikicheza ardhini, shida ni nguzo. Ikiwa bawaba na nguzo zimetulia lakini mbao zinapinda kama kikapu, shida ni fremu ya lango lenyewe. Kipimo hiki kimoja kitawaambia karibu kila kitu.

3. Pimeni nguzo kwa timazi. Fungeni jiwe kwenye uzi, mshike uzi juu ya nguzo na kuacha jiwe lining'inie. Nguzo iliyosimama wima hufuatana na uzi kutoka juu hadi chini. Pimeni pande mbili, upande wa njia na upande wa ua.

4. Pimeni pembe za lango. Nyosheni kamba kutoka pembe ya juu upande wa bawaba hadi pembe ya chini upande wa komeo. Halafu pimeni zile pembe mbili nyingine. Vipimo vikilingana, lango liko sawa. Cha kwanza kikizidi, lango limelala, na tofauti ya kamba itawaonyesha limelala kiasi gani.

5. Chomeni nguzo kwa kisu pale inapoingia ardhini. Hapo ndipo mchwa na uozo huanza, kwa sababu pana unyevu na hewa kwa pamoja. Kisu kikizama kwa urahisi, msijisumbue kutengeneza mambo mengine kwanza. Nguzo hiyo imekufa, ni ya kubadilishwa.

Sasa tuangalie dawa, tukianza na zile zisizo na gharama.

UDONGO UKIPANDA

Mvua hubeba udongo, na mifugo huukanyaga na kuurundika langoni. Chukueni jembe mwondoe udongo mpaka kuwe na nafasi ya sentimita 5 hivi chini ya lango, yaani inchi 2. Chimbeni mfereji mdogo upande wa juu ili maji yapite kando, yasikae langoni. Mkiogopa vifaranga kupita, pigilieni kipande cha raba ya tairi kuukuu chini ya lango, kining'inie na kugusa ardhi. Raba hupinda, haikwamishi.

Kama kiwanja kina mteremko na lango linafungukia upande wa kupanda, litakwaruza kila mara hata likiwa jipya. Badilisheni lifungukie upande wa kushuka.

BAWABA ZIKILEGEA

Lango ni kama mtu aliyebeba debe kwa mkono ulionyooshwa. Kadiri mkono ulivyo mrefu ndivyo bega linavyoumia. Uzito wa lango huvuta bawaba ya juu itoke kwenye nguzo, na husukuma ile ya chini iingie. Ndiyo maana bawaba ya juu hulegea kwanza.

Kabla ya kufungua bawaba yoyote, wekeni mawe au kabari chini ya lango mpaka likae bila kuning'inia, na mwondoe watoto. Lango la mbao mbichi ni zito, likimwangukia mtoto linaweza kumvunja mguu.

Kama tundu la skrubu limepanuka, lijazeni kwa kijiti kikavu cha mti mgumu kilichopakwa gundi ya mbao, mkipigilie mpaka kijae, mkate kinachobaki nje, kisha mrudishe skrubu. Misumari haifai sana kwa bawaba, maana hutoka jinsi ilivyoingia. Dawa ya kudumu ni bolti inayopenya nguzo yote na kufungwa kwa nati na washa upande wa pili. Kwa bawaba ya juu, bolti moja ni bora kuliko misumari sita.

Bawaba zikae mbalimbali, moja karibu na juu na nyingine karibu na chini. Zikikaribiana katikati, ya juu huvutwa kwa nguvu zaidi. Wanaotumia raba ya tairi badala ya bawaba, na ni wengi, wakumbuke kwamba raba hunyooka kwa uzito. Wekeni vipande vitatu, na vikianza kupasuka mvibadilishe vyote.

FREMU IKILALA

Hapa ndipo tunapoona kosa moja kila mahali. Lango nyingi zina ubao wa mshazari, ule unaotoka pembe moja hadi nyingine. Lakini mara nyingi umewekwa kinyume, na kwa hivyo hausaidii sana.

Shikeni kanuni hii: UBAO HUSUKUMA, WAYA HUVUTA.

Ubao una nguvu ukisukumwa kwa urefu wake, kama nguzo inavyobeba paa. Kwa hivyo mguu wa ubao wa mshazari uwe chini upande wa bawaba, na kichwa chake kiwe juu upande wa komeo. Pembe ya juu upande wa komeo inataka kushuka. Ubao unaizuia, na uzito unateremka kupitia ubao mpaka bawaba ya chini, kisha kwenye nguzo. Ukiuweka kinyume, uzito wote unavuta misumari, nayo misumari hutoka kidogokidogo.

Waya hauwezi kusukuma, unaweza kuvuta tu. Basi njia yake ni ile nyingine: kutoka juu upande wa bawaba hadi chini upande wa komeo.

Kurekebisha lango lililolala, fanyeni hivi. Lifungueni mlilaze mahali tambarare. Lisukumeni mpaka vile vipimo viwili vya kamba vilingane. Kateni ubao mpya wa mshazari uingie barabara, ncha zake zikandamize mbao za kulala za juu na chini bila nafasi. Upigilieni vizuri. Kama hamna ubao, zungusheni waya mara mbili katika njia tuliyoitaja, ingizeni kijiti katikati ya nyuzi mbili na mkisokote. Waya utakaza na mkia wa lango utainuka mbele ya macho yenu. Fungeni kijiti kisirudi. Mwaka ujao waya ukilegea, mnasokota tena kidogo. Kazi hii ya waya inaweza kufanywa hata bila kuling'oa lango.

NGUZO IKIINAMA

Nguzo ya bawaba ndiyo inayobeba kila kitu, nayo huinama kuelekea lango. Sababu ya kawaida ni kwamba haikuzikwa vya kutosha. Karibu theluthi moja ya nguzo inapaswa kuwa ardhini. Nguzo ya futi 7 izikwe futi 2 na nusu hivi.

Ikiwa nguzo ni nzima ila imeinama, ondoeni lango kwanza. Chimbeni kuizunguka, isimamisheni kwa timazi na kuitegemeza kwa miti miwili. Jazeni mawe na udongo kwa tabaka la sentimita 15, mkishindilia kila tabaka kwa gogo kabla ya kuweka jingine. Watu wengi hujaza shimo lote halafu hushindilia juu tu. Kwa kuangalia ni imara, lakini chini ni laini.

Kisha isaidieni. Fungeni waya kutoka juu ya nguzo ya bawaba hadi chini ya nguzo ya ua inayofuata, mkausokote kama tulivyosema. Waya huo unavuta nguzo isifuate lango. Kwa boma la ng'ombe, njia nyingine nzuri ni kutumia nguzo ndefu mbili na kuziunganisha kwa mti wa juu, ili zisiweze kusogeleana. Mti huo uwe juu vya kutosha, futi 8 au zaidi, asije mama mwenye kuni kichwani akajigonga.

Mkitumia simiti, changanyeni karai 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Juu ya simiti pateremke kutoka kwenye nguzo, maji yasikae. Funikeni kwa gunia lililolowa kwa siku 7, na msirudishe lango kabla ya siku hizo kwisha.

Wanaokaa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama katika tambarare za Athi, Mwea na Kano, wana shida ya pekee. Udongo huo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kila msimu huisukuma nguzo huku na huku. Huko chimbeni futi 3 au zaidi, mtoe udongo mweusi na kujaza mawe na changarawe, halafu mwelekeze maji ya mvua mbali na nguzo. Hata hivyo acheni nafasi ya kutosha kati ya lango na nguzo ya komeo, na tundu la komeo liwe refu kidogo, ili nguzo zikisogea bado lifunge.

MCHWA NA DAWA ZA MBAO

Nguzo ya mtarakwa hustahimili mchwa, hasa ile sehemu nyekundu ya ndani. Miti laini na michanga huliwa upesi. Toeni gome kabla ya kuzika, maana mchwa hujificha chini yake.

Wengi hupaka oili chafu ya gari. Hatuishauri karibu na mboga, kisima au mahali pa mifugo, kwa kuwa ina sumu inayoingia udongoni na hata kwenye ngozi ya mpakaji.

Na hili tunaomba lisomwe kwa sauti kikundini: zile nguzo za kununua zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, nyingi zina dawa yenye aseniki ndani yake. Ni nzuri kwa kuzika, lakini vipande vinavyobaki visitiwe jikoni kamwe. Moshi wake ni sumu na jivu lake ni sumu. Wala jivu hilo lisimwagwe shambani.

MBAO ZIKIFURA

Lango likikwama wakati wa masika na kufunguka vizuri wakati wa kiangazi, halina ugonjwa mkubwa. Mbao hunywa maji na kupanuka kwa upana wake, kisha hukauka na kurudi. Msilipige randa katikati ya mvua, kwa sababu kiangazi kikija mtabaki na pengo. Ngojeni likauke, mpige randa kidogo pale mlipotia alama, na mpake rangi au mafuta ya mbao pale palipochongwa. Mnapotengeneza jipya, acheni nafasi ya sentimita 1 hadi 1 na nusu kila upande. Kama ua ni wa michongoma, upunguzeni pia. Mara nyingine kinachozuia lango ni tawi tu!

KAZI YA KIKUNDI

Kazi hizi ni ngumu kwa mtu mmoja lakini nyepesi kwa watu watano. Kikundi kinaweza kutenga siku moja kwa mwezi, kikazunguka kwa zamu nyumba hadi nyumba. Nyundo, msumeno, bisibisi na mtaimbo vya kikundi kimoja vinatosha boma zote. Anzeni kwa wajane, wazee na wagonjwa, maana wao ndio wanaofunga lango kwa kamba kwa kukosa wa kuwainulia. Mwenye boma atoe chai na misumari, kikundi kitoe mikono.

Katika Kitabu cha Nehemia sura ya 3 tunasoma jinsi malango na kuta za Yerusalemu zilivyojengwa upya. Makuhani walijenga Lango la Kondoo. Wafua dhahabu walishika sehemu yao, na Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Hawakungoja mafundi kutoka mbali, na akina mama wetu wasiambiwe kwamba msumeno ni wa wanaume.

Kisha mchagueni mtu mmoja wa kukagua malango ya kikundi mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya mvua fupi. Akaze bolti, atie grisi kwenye bawaba, asokote waya, aangalie mchwa. Karani aandike kwenye kitabu cha kikundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na skrubu moja iliyolegea Februari huwa nguzo nzima ifikapo Mei.

Kipimo cha mwisho ni mtoto. Mwiteni mtoto wa miaka saba au minane afungue lango kwa mkono mmoja, kisha alifunge. Akiweza bila kusaidiwa, kazi imekwisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni malango mangapi katika kikundi chetu yanayofungwa kwa waya au kamba? Ni nani anayeumia zaidi kwayo?

2. Mwaka uliopita tulipoteza miche, mboga au mahindi kiasi gani kwa mifugo iliyoingia? Je, tuligombana na jirani?

3. Moto ukitokea usiku, kila mtu katika boma letu anaweza kutoka? Na bibi kizee je?

4. Ni vifaa gani tulivyo navyo tayari, na ni boma la nani tutakaloanzia?